Kuhasi bila kisu: bana upande mmoja mmoja

Wafugaji wa Magu, Misungwi na Kwimba, mkoani Mwanza, huhasi madume ili wapate maksai watulivu wa kuvuta plau, na ili dume asiye na sifa asipande majike zizini. Kisu kinaifanya kazi hiyo, ila kinaacha kidonda, na kidonda hukaribisha nzi na pepopunda. Kwa ng'ombe na mbuzi, mimi nashauri burdizo, koleo kubwa la kuhasia, mradi anayelishika hana papara.

Koleo hili huponda mshipa wa mbegu pamoja na mishipa ya damu bila kukata ngozi. Korodani zikikosa damu husinyaa zenyewe ndani ya wiki 4 hadi 6. Ukiliazima kwa jirani (wengi ndivyo tunavyofanya), lijaribu kwanza: weka uzi kati ya karatasi mbili ngumu, ubane. Uzi ukatike, karatasi zisichanike. Uzi ukibaki mzima, taya zimelegea, mrudishie mwenyewe.

Mfunge mnyama asifurukute. Sukuma mshipa mmoja kwa vidole hadi pembeni mwa mfuko wa korodani; utausikia ukiteleza, mgumu kama kalamu. Angalia chuchu na uume visiingie kwenye taya. Bana, hesabu taratibu hadi 10, achia, kisha rudia chini kidogo ya alama ya kwanza. Hamia upande wa pili, lakini alama zake zipishane na zile za kwanza, ngozi ya katikati ibaki salama. Wengi huharibu hapa: wanabana mfuko mzima kwa mkupuo, ngozi inakosa damu, inaoza, na kidonda ulichokikwepa kinakuja chenyewe.

Njia nyingine ni mpira wa kubana, pete ya raba inayovalishwa kwenye shingo ya mfuko. Huo ni wa wachanga tu, ndani ya wiki ya kwanza, na korodani zote mbili ziwe chini ya mpira. Ngozi hufa polepole, kwa hiyo hatari ya pepopunda ipo. Kumfunga dume mkubwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli ni mateso, acheni.

Hata burdizo linauma. Ndama wa miezi michache huvumilia kuliko dume aliyekomaa. Mwombe afisa mifugo wa kata ganzi na dawa ya maumivu. Uvimbe wa siku chache ni kawaida, usaha au harufu mbaya si kawaida.

Mtenge na majike kwa wiki 6 hadi 8, maana mbegu za akiba bado zipo. Kisha mpapase: korodani iliyobaki kubwa na ngumu, upande huo urudiwe.