Baba alipopaliwa na chai: namna ya kumlisha na kuzungumza na mgonjwa wa kiharusi

Mimi nauza uji na vitumbua Ngamiani, hapa Tanga, mwaka wa 12 sasa. Nilidhani uji naujua wote, mpaka baba yangu alipopigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakakatika.

Siku ya pili wodini shangazi alimwonea huruma. Alichovya andazi kwenye chai, akamtia mdomoni akiwa amelala chali. Baba akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akatulia, nasi tukashukuru. Siku ya nne akawaka homa. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, na daktari akatueleza kwamba chakula kilikuwa kimeingia mapafuni.

Kwa hiyo, mwenye mgonjwa wa kiharusi, anza hapa: asipewe kitu mdomoni, hata maji, hata kidonge, mpaka muuguzi au daktari ampime kumeza. Kama hawajampima, waombe bila kuona haya. Akishindwa, atawekewa mpira wa puani wa kulishia. Usiuogope mpira huo. Baba alikaa nao siku 19, ukatolewa.

Tunapomeza, koo hupanda juu, kidakatonge hufunika njia ya hewa, na tonge hushuka kwenye umio. Kiharusi huichelewesha misuli hiyo. Maji hukimbia, hufika kabla njia ya hewa haijafungwa, ndiyo maana yanaweza kuwa hatari kuliko chakula laini kilichoshikana. Na si kila anayepaliwa hukohoa. Wengine koo limepoteza hisia, vitu vinapita kimyakimya. Mwambie aseme "aaa" baada ya kumeza. Sauti ikitoka yenye majimaji kama mtu anayesukutua, acha kulisha. Homa zinazorudi rudi, pumzi kubadilika akila, kukonda: yote hayo mpelekee daktari.

Nilivyomlisha ni hivi. Namkalisha wima kabisa, miguu imefika chini, kichwa kimenyooka au kimeinama kidogo mbele. Kumwinua kidevu ili umimine ni kukifungulia chakula njia ya hewa. Redio nazima. Kijiko cha chai, nusu yake tu, naweka upande wa mdomo wenye nguvu. Kisha natazama kile kikoromeo cha shingoni: kipande juu, kishuke, ndipo kijiko kingine kifuate. Akisinzia, naacha. Akimaliza nakagua shavu la upande uliolegea, maana chakula hujificha humo. Halafu anabaki amekaa nusu saa. Meno na ulimi nampigisha mswaki asubuhi na usiku hata siku asizokula, kwa sababu mate yenye vijidudu nayo huteremka mapafuni.

Sasa uji. Mtaalamu wa kumeza na kuzungumza alinifundisha kipimo cha uzito wa vinywaji na vyakula kinachotumika nchi nyingi, kinaitwa IDDSI. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Pima kwa rula, kutoka 0 hadi 10 pawe na milimita 61.5, kwani mabomba hayalingani. Ziba tundu kwa kidole, jaza uji mpaka 10, achia kwa sekunde 10, ziba tena. Ikibaki mililita 1 hadi 4, uji ni mzito kidogo. Ikibaki 4 hadi 8, ni wa kati. Ikizidi 8 na bado unachuruzika, ni mzito zaidi. Baba aliandikiwa wa kati. Wako ataandikiwa wake, usijikadirie mwenyewe. Pima ukiwa na joto lile lile la kumpa, maana uji ukipoa hukaza, na uchuje mabonge yote.

Jambo moja lilinitesa wiki nzima. Natoa uji umekaza sawasawa, bakuli likifika nusu umekuwa maji na baba anaanza kukohoa. Kumbe ni mate! Kijiko kinachotoka mdomoni na kurudi bakulini hubeba mate, na mate huvunja wanga. Tangu siku hiyo natumia kikombe cha kahawa: namimina kidogo, kikiisha naongeza kwa upawa safi.

Vyakula vyenye maji na vipande kwa pamoja, kama supu ya nyama, mkate uliochovywa chai au chungwa, viache mpaka uruhusiwe. Wali mkavu vilevile, punje hutawanyika kooni. Na vidonge usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia. Vipo ambavyo vikisagwa dawa yote huingia mwilini kwa mpigo.

Upande wa maneno nao una mawili watu wanayoyachanganya. Kuna ulimi kuwa mzito: mtu anajua atakacho, maneno yanatoka yameburuzika. Na kuna afasia, ubongo wenyewe kupoteza njia ya maneno, na wengi inawapata kiharusi kikipiga ubongo wa kushoto, upande unaoendesha mkono wa kulia. Baba alipata hii. Alikuwa anaisoma Alhamdu mwanzo hadi mwisho, ila hawezi kuomba maji. Jirani mmoja akadhani amechanganyikiwa. Hapana. Maneno ya mazoea, kama dua, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kutunga yanapopotea. Akili yake ilikuwepo, na aliumia watu walipomjadili juu ya kichwa chake kama hayupo.

Kaa mbele ya uso wake. Uliza jambo moja, fupi. Badala ya "utakula nini?", mwonyeshe ndizi na uji achague. Baba alikuwa akisema "ndiyo" akimaanisha "hapana", hivyo tulikubaliana kidole gumba, na jambo kubwa nikaliuliza mara mbili kwa namna tofauti. Nilibandika picha kwenye daftari: choo, maji, maumivu, dawa, kila mmoja wetu. Usimmalizie neno, na usimsemeshe kama mtoto. Kubwa kuliko yote, msubiri. Mimi huhesabu moyoni mpaka 10 kabla ya kufungua mdomo tena.

Wataalamu wa kumeza na kuzungumza ni wachache kwetu. Ukimpata hata mara moja kwa mwezi, mwombe mazoezi ya kufanya nyumbani, uyarekodi kwa simu. Sisi tulifanya dakika 15 asubuhi na jioni, tukianza na kuhesabu, kisha majina ya vitu vya jikoni.

Mwezi wa tano, asubuhi, alionja uji, akakisukuma kikombe, akanitazama. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika saba akasema, "Sukari." Nilikuwa nimesahau kuitia.