Namna ya kulisoma kanisa kongwe kabla ya kulikarabati

Kamati ya ujenzi ya parokia inapokutana kujadili kanisa kongwe lenye nyufa, neno la kwanza kutajwa mezani huwa ni saruji. Naandika nikiwa Tabora, na ombi langu kwa kamati za huku kwetu na za Kigoma ni kwamba neno hilo lisubiri kwanza, kwa sababu ukuta wa kale una habari zake za kueleza, na fundi asiyezisikiliza huuharibu huku akiamini kuwa anautengeneza. Shule nzuri ya kujifunza usomaji huo ni makanisa ya parokia ya zama za kati huko Uingereza, ambayo mengi yamesimama zaidi ya miaka 800 na bado watu wanasali ndani yake.

Anza kwa kulizunguka kanisa kwa nje asubuhi, jua likiwa bado chini, kwa kuwa mwanga wa ubavuni huonyesha uvimbe, mabonde na mishono ambayo jua la utosini huificha. Tafuta mstari wima ambapo safu za matofali au mawe zinakatika bila kufungamana: hapo ndipo jengo lilipoongezwa. Makanisa ya zama za kati yalikua hivyo hivyo, vizazi kwa vizazi: ukumbi wa waumini ukatangulia, baraza la pembeni likaongezwa, kisha mnara wa kengele ukafuata. Kila mshono ni mahali ambapo misingi miwili ya umri tofauti hushuka kwa mwendo tofauti, kwa hiyo ufa unaofuata mshono una maana tofauti kabisa na ufa unaopasua katikati ya ukuta.

Kisha tazama matao. Kanisa la Kilpeck, katika jimbo la Herefordshire, lilijengwa yapata mwaka 1140 kwa mawe mekundu ya mchanga. Lina ukumbi, sehemu ya altare, na nyuma yake chumba chenye ukuta wa nusu duara. Matao yake ni ya mviringo, na kuta ni nene zenye madirisha madogo. Unene huo una sababu yake, kwani tao la mviringo husukuma sana ukuta kuelekea nje. Mwishoni mwa karne ya 12 waashi wa huko walianza kutumia tao lenye ncha, ambalo hupeleka uzito zaidi kuelekea chini, na kwa msaada wa nguzo za kuegemeza ukuta kwa nje, madirisha yakaweza kupanuka. Huko, umbo la tao hukusaidia kukadiria umri wa jengo. Kwetu halisaidii, kwa kuwa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwaka 1879, wakati maumbo yote mawili yalikwisha kuwa urithi wa kuchagua. Hata hivyo kazi ya tao haibadiliki, liwe la jiwe la Herefordshire au la tofali la Unyamwezi: usivunje nguzo ya nje kwa kuona inaziba njia, wala usipanue dirisha kabla ya kujua uzito wa juu yake unashukia wapi.

Sasa sogea karibu na ukuta, uguse kiungio kati ya tofali na tofali. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Saruji ya kisasa ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, chini ya jina la Joseph Aspdin. Kabla ya hapo waashi wa makanisa yale walitumia chokaa. Chokaa hupitisha unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini, au yanayopenya wakati wa mvua, hutoka kupitia viungio na kukauka. Ukiziba viungio hivyo kwa saruji, unyevu hulazimika kutokea kwenye tofali lenyewe, chumvi hubaki ndani yake, na tofali huanza kumomonyoka. Niliwahi kushuhudia ukuta wa kanisa moja uliopigwa lipu ya saruji kwa nia njema kabisa, kwa michango ya waumini. Baada ya misimu michache ya mvua, lipu ilibanduka kama ganda, na nilipopitisha kidole kwenye tofali lililokuwa nyuma yake, lilidondoka kiganjani mwangu kama unga wa muhogo. Tofali hilo lilikuwa limevumilia miaka mingi bila lipu yoyote.

Ili kujua ulichonacho, kwangua kiungio kwa msumari. Saruji itakataa, chokaa itatoa vumbi jeupe au la kijivu hafifu. Chukua kipande kingine ukitie kwenye glasi ya maji usiku kucha: kikiyeyuka na kuwa tope, ukuta umejengwa kwa udongo, na hapo hata chokaa inahitaji mkono mwepesi. Kwenye nyufa, piga mstari mfupi wa penseli pale ufa unapoishia na uandike tarehe pembeni. Rudia kutazama mwishoni mwa mvua na mwishoni mwa kiangazi. Ufa usiosogea kwa mwaka mzima ni jeraha lililopona. Ule unaosogea unadai uchunguzi wa msingi, na mara nyingi chanzo chake ni gata iliyooza au maji ya paa yanayomwagika mahali pamoja.

Kuhusu ruhusa, sheria yetu ya mambo ya kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Kanisa la wamisionari wa huku haliingii humo kwa umri wake, isipokuwa litangazwe rasmi. Huko Uingereza parokia ya Kianglikana hairuhusiwi kubadilisha kanisa lake bila kibali cha mahakama ya dayosisi. Hapa mlinzi wa kwanza ni Baba Paroko na kamati yake. Kwa hiyo andika taarifa, piga picha za kila ukuta, na umshirikishe askofu pamoja na Idara ya Mambo ya Kale kabla fundi hajanyanyua tindo.

Kazi ikianza, chimba kiungio kibovu kwa mkono hadi kina cha mara mbili ya upana wake, usitumie mashine, kisha loanisha na ujaze kwa kipimo kimoja cha chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, kwa vipimo vitatu vya mchanga safi wenye chembe kali. Chokaa hukomaa polepole kwa kufyonza hewa ya ukaa, na jua kali la Septemba na Oktoba huikausha kabla haijashika. Mimi hupenda kuanza mwezi wa Mei, mvua zikiisha, na kufunika kila sehemu iliyokamilika kwa magunia ya katani yanayonyunyiziwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima.