Kuandika simulizi ya mzee aliyetekwa katika Vita vya Kagera

Familia nyingi za Mwanza zina ndugu ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukoba na Misenyi, ambako majeshi ya Idi Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kuwachukua baadhi ya raia mateka hadi Uganda. Ukitaka kuandika simulizi ya mzee wa namna hiyo, usianze na mateso. Baada ya shikamoo, mwombe akueleze shamba lake la migomba, majirani zake na njia ya kwenda Kyaka, penye daraja la mto Kagera, kwani akishaiona tena nyumba yake moyoni, mengine hufuata yenyewe. Tarehe humponyoka mtu. Muulize basi kama daraja la Kyaka lilikuwa limekwisha kulipuliwa, au kama kahawa ilikuwa bado mtini. Rekodi kwa simu iliyowekwa mkekani karibu naye, mbali na feni na redio. Akinyamaza, nyamaza nawe. Habari za kupigwa au kudhalilishwa zisiulizwe kabisa mbele ya wajukuu. Maneno yake ya Kihaya yaandike kama alivyoyatamka, na majina ya marehemu yahakiki kwa ndugu wengine kabla ya kusambaza chochote katika kundi la familia.