Kabla ya Kutia Mafuta Karaini: Mambo ya Kuzingatia Jikoni

Kabla hujaanza kukaanga sambusa na kachori za futari, hakikisha karai ni kavu, na mafuta yasipite theluthi moja ya kina chake. Samaki na viazi vipanguswe maji kwanza. Ushungi ufungwe nyuma. Watoto wakacheze uani. Mtungi wa gesi ukae mahali ambapo utaweza kuufunga bila ya kupitisha mkono juu ya moto, jambo ambalo wengi hulipuuza.

Ukishawasha, usiondoke, hata mgeni akipiga hodi. Mafuta hukaanga vizuri kwenye nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi. Yakiachwa yakazidi kupata moto huanza kutoa moshi, na joto likiendelea kupanda huwaka yenyewe, bila ya kuguswa na ulimi wa moto. Ukiona moshi, zima jiko hapo hapo.

Mafuta yakishika moto, maji yasikaribie kabisa. Ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini, hugeuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Unga nao usimwagwe, kwani huwaka.

Kinachotakiwa ni kifuniko, nacho kiwe karibu kabla mafuta hayajatiwa. Makarai yetu mengi hayana vifuniko vyake, lakini sinia la chuma lililo pana kuliko karai linatosha. Kawa la ukili halifai, maana litashika moto. Telezesha sinia kuanzia upande wako kuelekea mbele, ili moto usikurudie usoni, na uzime jiko.

Kisha usilifunue. Hapa ndipo watu wanapoumia, na mimi nimeshuhudia, nyumbani kwa shangazi yangu kule Wete, mwezi wa Ramadhani. Mafuta yaliwaka, naye akafanya kila lililompasa: alizima jiko, akafunika, moto ukafa. Dakika chache baadaye kijana mmoja wa nyumbani, akidhani mambo yamekwisha na huku adhana ya magharibi inakaribia, alilinyanyua sinia ili aziokoe sambusa. Mafuta yalikuwa bado na joto lile lile lililoyawasha. Yalipopata hewa yaliwaka upya, na moto ukampanda hadi kwenye kiwiko. Jirani alikuja mbio na dawa ya meno akampaka, kwa nia njema, lakini hospitali wauguzi walilazimika kuiondoa kwanza juu ya ngozi iliyokwisha kuchubuka, na kilio chake tulikisikia tukiwa nje. Kilichotakiwa ni maji baridi ya kutiririka kwa dakika 20, kisha kitambaa safi, na safari ya hospitali. Kwa hiyo karai liachwe limefunikwa mpaka lipoe kabisa, futari ichelewe itakavyochelewa.

Wala usilibebe karai linalowaka kulipeleka nje. Mafuta humwagika miguuni kabla hujafika mlangoni. Ikiwa moto umeshapanda kwenye mapazia au makabati, toa watu wote, funga mlango wa jikoni nyuma yako, na uwaite Zimamoto, ambao namba yao iwe imeshaandikwa ukutani. Wakaazi wa Mji Mkongwe wazingatie zaidi, kwa kuwa vichochoro vingi gari la zimamoto haliingii. Mpira wa gesi nao ukaguliwe, na ukionekana una nyufa ubadilishwe siku hiyo hiyo.