Chagua kozi ambayo afisa wa viza ataielewa

Mwaka 2023 nilinyimwa kibali cha kusoma Kanada. Barua ilikuwa fupi: madhumuni ya safari yangu hayaendani na ukaaji wa muda, kwa kuzingatia maelezo niliyotoa. Pesa nilikuwa nazo, na mtihani wa Kiingereza nilikuwa nimefaulu. Kilichoniangusha ni kozi yenyewe. Nawaandikia wadogo zangu mnaotafuta vyuo sasa, yasiwakute yaliyonikuta.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Wakati ule nilikuwa na shahada ya kwanza na miaka sita kazini katika hospitali ya wilaya mkoani Mtwara, Tanzania, nikipima malaria, makohozi ya kifua kikuu na damu za wajawazito. Wakala aliyenishughulikia alinitafutia astashahada ya mwaka mmoja ya usimamizi wa hoteli katika chuo binafsi. Alisema nafasi zinapatikana upesi na ada ni nafuu. Hakuniambia kwamba chuo kinamlipa kamisheni kwa kila mwanafunzi anayempeleka.

Sasa kaa kwenye kiti cha afisa. Mbele yake kuna mwanamke wa miaka 31, ana shahada, ana ajira ya serikali. Anataka kuacha maabara akasomee hoteli, tena kwa ngazi iliyo chini ya elimu aliyonayo, kwa gharama inayozidi mshahara wake wa miaka kadhaa. Hata shangazi yangu angeniuliza kama kweli ninakwenda kusoma. Na afisa hana nafasi ya kukuuliza. Kwa Kanada maombi mengi huamuliwa bila mahojiano, anayasoma makaratasi na kuamua.

Kwa hiyo usianze na nchi, wala usianze na chuo. Anza na vyeti vyako na kazi yako. Chukua karatasi, andika ulichosoma, unachofanya sasa, na kazi utakayoishika ukirudi. Kozi sahihi ni ile inayokaa katikati ya hivyo viwili vya mwisho bila kulazimishwa. Halafu nenda kwa mtu mzima wa nyumbani ambaye hana habari za vyuo, mwelezee kwa sentensi mbili kwa nini kozi hii. Akikuuliza "sasa hiyo na kazi yako vinahusiana nini?", hapo ndipo afisa naye atakwama.

Aliyemaliza kidato cha sita ana njia nyepesi kidogo: mwenye PCB (fizikia, kemia na biolojia) anayeomba shahada ya kwanza ya mikrobiolojia hahitaji kujieleza sana. Mwenye shahada anayeshuka kwenda astashahada anaweza kueleweka pia, lakini awe na sababu inayoshikika. Mhasibu anayekwenda kusoma uchambuzi wa data, akiwa na barua ya mwajiri inayosema ofisi inahamia mfumo mpya na inamsubiri, ana hoja. Mhasibu huyohuyo akiomba mapishi, bila historia yoyote ya upishi, ajiandae kwa barua kama yangu.

Kuna swali wengi tunalikwepa, nalo ndilo zito: kwa nini usisome nyumbani? Nilipoomba tena mwaka 2024, safari hii shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika chuo kikuu cha umma jimboni Saskatchewan, nilijua kabisa kwamba Chuo Kikuu cha Muhimbili, Dar es Salaam, wanayo shahada hiyo na kwamba ni nzuri. Sikuificha. Nilichukua mitaala yote miwili, nikaisoma somo kwa somo jioni tatu mfululizo, nikaandika masomo mawili ya ufuatiliaji wa magonjwa na uchambuzi wa takwimu ambayo nilikuwa nayahitaji kwa namna yalivyopangwa kule, na kwa nini. Ukidanganya kwamba nyumbani hakuna kozi ya namna hiyo, afisa anaweza kuhakikisha kwa dakika moja.

Niwaonyeshe tofauti ya barua zangu mbili. Ya kwanza aliandika wakala: "Kanada ni nchi yenye elimu bora, usalama na mchanganyiko wa tamaduni." Sentensi hiyo angeweza kuiandika mtu yeyote, na baadaye nilimkuta binti mwingine aliyepitia kwa wakala yuleyule akiwa nayo neno kwa neno. Ya pili niliandika mwenyewe: "Katika maabara yetu tunaandika majibu kwenye daftari kubwa la rejista. Wagonjwa wa kuhara wakiongezeka kata moja, tunagundua tunapojumlisha mwisho wa mwezi. Nataka kujifunza kusoma takwimu hizo kila wiki." Niliambatisha barua ya ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Barua hiyo ilikuwa na uzito kuliko kurasa zote nilizoandika, kwa sababu ilionyesha kwamba kuna kiti kinanisubiri.

Ukishapata kozi, kagua chuo. Idara ya uhamiaji ya Kanada ina orodha ya taasisi teule zinazoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni, na kila moja ina namba inayoanza na herufi O (ni herufi, si sifuri). Chuo kisichokuwemo, achana nacho siku hiyohiyo. Kwenye orodha hiyohiyo kuna safu inayoonyesha kama chuo kina programu zinazoruhusu kuomba kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu. Si vyote vinavyo, na baadhi ya mawakala hukaa kimya juu ya hilo. Tangu tarehe 1 Desemba 2023 chuo kinatakiwa kuthibitisha barua ya udahili moja kwa moja na idara ya uhamiaji, baada ya kugundulika kwamba wanafunzi wengi waliingia na barua za kughushi. Kwa hiyo barua isiyotoka chuoni kwenyewe haitakufikisha popote.

Kingine ni barua ya jimbo. Mwaka 2024 Kanada iliweka ukomo wa idadi ya vibali, na kila jimbo likapewa mgawo wake. Waombaji wengi wa astashahada, stashahada na shahada ya kwanza wanahitaji barua ya uthibitisho kutoka jimboni, ambayo huipata kupitia chuo. Mwaka wangu sisi wa uzamili hatukudaiwa, mwaka 2025 wakadaiwa, na tangu tarehe 1 Januari 2026 wa uzamili na uzamivu katika taasisi za umma hawadaiwi tena. Mnaona jinsi kanuni zinavyogeuka. Ushauri wa kaka aliyeondoka miaka mitatu iliyopita upokee kwa heshima, halafu fungua tovuti ya serikali uhakikishe.

Tuje kwenye pesa, maana kozi huchaguliwa na pesa pia. Kwa miaka mingi Kanada ilimtaka mwanafunzi mmoja aonyeshe dola 10,000 za Kanada za kujikimu. Mwaka 2024 zikawa 20,635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895, nje ya jimbo la Quebec. Hizo ni za kula na kulala tu. Kozi ikiwa na ada ya dola 18,000 kwa mwaka, unaonyesha jumla ya 40,895, na nauli juu yake. Maombi yenyewe ni dola 150, alama za vidole 85. Kama mfuko wa familia unafika 30,000, usiombe kozi ya 18,000 kwa matumaini kwamba Mungu atafungua njia baadaye. Tafuta chuo cha mji mdogo chenye ada inayoingia kwenye mfuko wenu, au ufadhili.

Na pesa iwe na historia. Idara ya uhamiaji inaweza kudai taarifa za benki za miezi minne. Akaunti iliyokaa na shilingi laki mbili kwa miezi mitatu, halafu wiki ya mwisho ikaingia milioni sitini, inatia shaka hata kama pesa ni halali. Kwetu pesa nyingi hutoka kwa ndugu, hakuna ubaya, ila kila ndugu awe na karatasi. Mdhamini wangu ni mjomba, mkulima wa korosho Masasi. Korosho zake zinauzwa mnadani kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na malipo yanapita benki. Tulichukua stakabadhi za ghala, taarifa zake za benki za misimu miwili, barua yake ya udhamini, na vyeti vya kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa serikali wa usajili, changu, cha mama na cha mjomba, kuonyesha undugu. Kwenye cheti kimoja jina la babu lilikuwa na herufi iliyokosewa, tukapeleka kiapo cha wakili. Mliouza kiwanja, tunzeni mkataba wa mauziano wenye mhuri.

Kabla ya kulipa ada ya awali, uliza kwa maandishi: nikinyimwa viza, mnarudisha kiasi gani na baada ya siku ngapi? Mimi sikuuliza, na sehemu kubwa haikurudi. Muulize na wakala nani anamlipa. Kwa sheria ya Kanada, anayepokea malipo kukushauri juu ya maombi ya uhamiaji lazima awe mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya huko.

Ukiwa umewahi kunyimwa, sema. Fomu inauliza kama umewahi kukataliwa viza ya Kanada au ya nchi yoyote, na kudanganya kunaweza kukufungia mlango kwa miaka 5. Mimi nilijibu ndiyo, nikaeleza katika aya moja kwamba kozi ile haikuwa sahihi kwangu na nini nimebadilisha. Kuomba tena na kozi ileile, makaratasi yaleyale, ni kutupa pesa.

Wanaotazama nchi nyingine, hoja ya kozi haibadiliki, ila taratibu ni tofauti. Uingereza pesa lazima ikae siku 28 mfululizo bila kushuka, na tangu Januari 2024 wengi wa uzamili wa darasani, usio wa utafiti, hawaruhusiwi kwenda na mume wala watoto, jambo ambalo mama mwenye mtoto mdogo alijue kabla ya kuchagua. Ujerumani wengi hufungua akaunti maalumu yenye euro 11,904 kwa mwaka, inayotoa kiasi kila mwezi. Marekani kuna mahojiano ya dakika chache dirishani, na hapo kozi unaieleza kwa mdomo wako, hakuna barua ya kukusemea.

Sasa namsaidia mpwa wangu, aliyehitimu shahada ya sayansi ya chakula. Alikuja na programu tatu. Ya uongozi wa biashara tumeifuta, kwa sababu hakuweza kuniambia ataifanyia nini. Zimebaki mbili, zote za usalama wa chakula, na anayoipenda zaidi ni ile ambayo somo lake moja linahusu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu kwenye nafaka, maana ameiona kwenye mahindi na karanga akiwa mafunzoni. Alitaka kuomba muhula wa Januari. Nimemwomba asubiri Septemba: malipo ya korosho za mjomba yanaingia Novemba na Desemba, na taarifa za benki za miezi minne zitakuwa zimetimia ifikapo Aprili.