Kabla ya Dripu ya Kwanza: Ukifikiria Jaribio la Tiba ya Saratani ya Kongosho

Swali la majaribio ya tiba kwa kawaida huulizwa likiwa limeshachelewa. Mzee ameshatundikiwa dripu kadhaa za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, zimemlegeza, picha mpya zinaonyesha ini nalo limeguswa, ndipo shemeji aliyeko Dar anatuma ujumbe kwenye kundi la familia: kuna dawa inajaribiwa huko nje, mmeulizia? Kwa saratani nyingine pengine bado kuna nafasi. Kwa kongosho nafasi hiyo ni finyu. Majaribio mengi makubwa yanataka mtu ambaye hajaanza kemo kabisa kwa ugonjwa uliosambaa. Yale yanayopokea walioshindwa na dawa ya kwanza nayo yana masharti yake: alitumia dawa gani, na zimepita wiki ngapi tangu dozi ya mwisho.

Kwa hiyo uliza siku ileile daktari anapotaja kemo. Maneno machache yanatosha: "Daktari, kabla hatujaanza, kuna utafiti wowote ambao mzee anaweza kuingia, hapa au kwingine?" Jibu likiwa hapana, matibabu yanaendelea kama yalivyopangwa na hakuna kilichopotea.

Lakini kuna jambo linalotangulia hata hilo, na ndilo linalozishinda familia nyingi za kwetu. Je, mgonjwa mwenyewe anajua anaumwa nini? Mara nyingi hajui. Watoto wamekaa kikao, wamekubaliana aambiwe ni vidonda vya tumbo au ni ini, asije akakata tamaa. Nia ni njema na sina ugomvi nayo. Ila jaribio la tiba linasimama juu ya ridhaa ya mgonjwa. Mtoto mkubwa hawezi kumsainia baba mwenye akili timamu, wala mume hawezi kumsainia mke, wala baba mdogo aliyegharamia nauli ya watu wote. Atasomewa fomu yenye jina la ugonjwa, hatua uliyofikia, na kile ambacho dawa inaweza kumfanyia, kizuri na kibaya. Familia iliyoficha itajikuta inaulizwa chumbani, mbele yake, mambo ambayo haijayasema nyumbani. Afadhali aambiwe mapema na mtu anayemwamini, pamoja na daktari, kuliko kuyasikia kwa mtafiti mgeni.

Fomu ya ridhaa inapaswa kuwa ya Kiswahili. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha anaweka dole gumba. Kama bibi anaelewa Kisukuma au Kikerewe zaidi, ombeni maelezo kwa lugha hiyo, na msione haya. Ombeni pia kurudi na fomu nyumbani mkailaze usiku mmoja au miwili. Mtafiti anayetaka saini kabla hamjatoka chumbani ananitia shaka.

Sasa faili. Saratani hii hujificha, na dalili zake hufanana na za magonjwa tunayoyazoea. Maumivu ya chembe yanayopenya hadi mgongoni huchukuliwa kuwa asidi. Macho ya manjano huchukuliwa kuwa homa ya ini, na wiki kadhaa hupotea kwenye mizizi. Kisukari kinachoibuka ghafla kwa mtu mzima anayekonda huandikiwa vidonge, basi. Hadi familia inapanda kilima cha Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza, mkobani mna rundo la vyeti vya zahanati na karatasi za utrasaundi zilizofifia, na bado hakuna hata kimoja kinachothibitisha saratani.

Wenye jaribio hutaka majibu ya patholojia, yaani kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe na kusomwa maabara, yakitaja aina ya saratani kwa jina. Hili si urasimu. Kongosho lina uvimbe wa aina zaidi ya moja. Ule wa Steve Jobs ulikuwa wa seli za nyuroendokrini, ambao kwa kawaida hukua taratibu, wakati walio wengi wanaumwa adenokasinoma, iliyo kali zaidi. Jaribio la mmoja halimhusu mwingine. Uliza pia kile kipande chenyewe, kilichohifadhiwa kwenye nta, kiko maabara gani na utaratibu wa kukiazima ukoje, kwa sababu majaribio ya sasa hupenda kupima vinasaba vya uvimbe. Zaidi ya asilimia 90 ya adenokasinoma za kongosho zina hitilafu kwenye jini la KRAS, na dawa nyingi zinazojaribiwa sasa zinalenga hapo. Wachache wana hitilafu ya BRCA, ileile inayojulikana kwenye saratani ya matiti. Kama mama au shangazi aliugua matiti au ovari, mwambieni daktari.

Picha za CT zichukueni kwenye diski, msitosheke na karatasi ya maelezo. Mara nyingi watataka picha ya karibuni, ya ndani ya wiki nne hivi, kwa hiyo kuikimbilia mapema mno nako ni kutupa fedha. Na kama macho yana manjano, hilo ndilo la kushughulikia kwanza. Uvimbe ulio kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo, bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, inapanda kwenye damu, na ikiwa juu majaribio mengi hayatampokea. Hata kemo nyingi za kawaida hazitolewi. Kuwekewa stenti ya kufungua mrija kunaweza kumrudisha mtu kwenye orodha.

Mwili nao unaandaliwa. Watafiti hutumia kipimo cha nguvu za mgonjwa kiitwacho ECOG: 0 ni mtu asiye na kizuizi chochote, 1 ni yule anayejihudumia na kufanya kazi nyepesi, 2 anajihudumia lakini hawezi kazi, na kuendelea. Majaribio mengi hukomea kwenye 1. Hapa ndipo chakula kinapoamua mambo. Kongosho lililoziba halitoi vimeng'enya vya kutosha, mafuta hayasagwi, choo kinaelea na kunuka, na mgonjwa anakonda huku anakula. Watu humlazimisha ugali mkubwa na supu ya sangara yenye mafuta, kumbe anachohitaji ni vidonge vya vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na mlo, na milo midogo ya mara kwa mara. Sukari idhibitiwe. Maumivu yatibiwe, mofini ya kunywa haimfungii mtu mlango wa jaribio, na anayelala usiku huamka akiwa na nguvu ya kutembea hadi kliniki. Tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, iende sambamba tangu mwanzo, msiiweke akiba kwa ajili ya mwisho.

Halafu kuna neno "majaribio" lenyewe, ambalo mitaani huleta picha ya panya wa maabara. Watu wa mkoa huu wana sababu ya kulisikia tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jamii 12 za vijijini hapa zilishiriki utafiti wa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa, na matokeo yaliyotoka 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa karibu asilimia 40. Mwaka 2017 wasichana wa Mwanza walianza kuandikishwa, hatimaye 930, kwenye jaribio la kulinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Ni miongoni mwa tafiti zilizosaidia Shirika la Afya Duniani kukubali ratiba ya dozi moja mwaka 2022. Kwa hiyo utafiti si kitu cha kigeni kwenye mwambao huu.

Kujaribiwa hata hivyo si sawa na kupata dawa bora, na mgonjwa aambiwe hivyo bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Awamu ya kwanza hutafuta kipimo ambacho mwili unastahimili. Washiriki ni wachache na faida yao binafsi haina uhakika. Ya pili hutazama kama uvimbe unaitikia. Ya tatu hulinganisha dawa mpya na ile inayotumika sasa, na kompyuta ndiyo inayopiga kura nani apate ipi. Plasebo tupu, yaani dawa bandia isiyo na kiini, kwa mgonjwa mwenye tiba inayojulikana ni nadra, ila ulizeni: kundi lingine linapewa nini?

Hesabu mbili zinasaidia kuweka matarajio mahali pake. Mwaka 2011 jaribio la Ufaransa lenye wagonjwa 342 lilionyesha kwamba mchanganyiko wa kemo uitwao FOLFIRINOX uliwapa wenye ugonjwa uliosambaa muda wa kuishi wa katikati (nusu yao waliuvuka) wa miezi 11.1, dhidi ya 6.8 kwa waliopata gemsitabini, kemo iliyokuwa ya kawaida. Ndiyo mojawapo ya hatua kubwa kuliko zote kwenye ugonjwa huu, na ni kama miezi minne, yenye madhara mengi zaidi. Upande wa pili kuna PEGPH20, dawa iliyotarajiwa sana. Ilipoongezwa juu ya FOLFIRINOX kwenye jaribio moja la Marekani, waliopata mchanganyiko huo waliishi miezi 7.7 kwa kipimo cha katikati, wenzao 14.4. Jaribio lilisimamishwa. Mgonjwa anayeingia aingie akijua pande zote mbili zinawezekana.

Kutambua jaribio la kweli si kazi ngumu. Hapa nchini linapaswa kuwa na kibali cha kamati ya taifa ya maadili ya utafiti iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na kwa dawa, kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Ombeni namba za vibali, kisha mziulizie wenyewe kwa waliozitoa. Majaribio husajiliwa hadharani pia, kwenye ClinicalTrials.gov au kwenye rejista ya Afrika, PACTR. Kijana anayesoma Kiingereza anaweza kutafuta jioni moja. Dawa inayojaribiwa haiuzwi kwa mshiriki. Anayetaka milioni kadhaa kwa "tiba ya seli" iliyo kwenye utafiti anafanya biashara. Mwaka 2011 watu wa kanda hii walijaza magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500. Shuhuda zilikuwa nyingi, ila waliofariki njiani au baadaye hawakurudi kushuhudia. Tofauti ya jaribio ni kwamba wote huhesabiwa, waliopona na waliokufa.

Fedha ziulizwe wazi. Nani analipa picha na vipimo vya ziada? Nauli inarudishwa? Akilazwa kwa madhara ya dawa, bima ya utafiti inagharamia au ni mfuko wa familia? Sampuli za damu zinapelekwa wapi na zitatunzwa miaka mingapi? Dawa ikimsaidia, ataendelea kuipata utafiti ukiisha? Na akitaka kujitoa, ambayo ni haki yake siku yoyote, matibabu ya kawaida yanarudi palepale?

Umbali ndio kikwazo kikubwa. Majaribio mengi ya kongosho yako Marekani, Ulaya na China, na dripu zake huwa kila wiki moja au mbili, kwa miezi. Mtu wa Sengerema siku hizi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi na kufika kliniki bila foleni ya kivuko, lakini wa Ukerewe bado anatazama ratiba ya meli, na hiyo ni kwa kemo ya mjini tu. Nje ya nchi, dawa inaweza kuwa bure huku pango, chakula, viza na msindikizaji vikila shamba na ng'ombe. Kuna swali ambalo kikao huliogopa: akifia huko, mwili unarudije, kwa fedha ya nani? Mwulizeni yeye. Wapo watakaochagua kemo ya hapa na kulala nyumbani kwao, na hilo ni chaguo kamili la mtu mzima.

Mkiamua kujaribu, tumeni muhtasari wa rufaa, majibu ya patholojia na picha kabla ya kukata tiketi yoyote, na kemo isisubiri bila tarehe: kubalianeni na daktari siku ambayo, jibu likiwa halijaja, dripu inaanza. Wakimkataa, ombeni sababu kwa maandishi. Ikiwa ni bilirubini au uzito, huenda ikarekebishika; ikiwa ni aina ya uvimbe, hamna haja ya kutuma faili lilelile kwenye jaribio la namna hiyo tena.