Somo: Kusafisha glavu za kike za zamani na kuzihifadhi katika visanduku vyake

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja. Ninazungumzia glavu nyeupe za ngozi ya mwanambuzi za karne ya 19, mfano wa zile zilizoupa mji wa Grenoble, Ufaransa, sifa yake.

Hatua ya 1. Nawa mikono na uikaushe kabisa.

Hatua ya 2. Ondoa vumbi kwa brashi laini, kutoka kwenye kifundo kuelekea vidoleni.

Hatua ya 3. Usitumie maji. Ngozi hii haikutiwa dawa ya magome kama ngozi ya viatu, bali ililainishwa kwa shabu, chumvi, unga na kiini cha yai. Maji yakiifikia, shabu huyeyuka na kutoka, na ngozi ikikauka husinyaa na kuwa ngumu kama pembe. Mimi nilipangusa jozi yangu ya kwanza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nikijiona mwangalifu, na kidole gumba kimoja kimekakamaa hadi leo. Sabuni na mafuta navyo ni marufuku. Doa lisilotoka kwa kifutio laini liacheni.

Hatua ya 4. Zilaze bila kuzikunja, ndani ya karatasi isiyo na asidi.

Hatua ya 5. Kagua kisanduku. Cha mbao kinafaa kikitandikwa karatasi hiyo hiyo. Cha seluloidi, yaani plastiki ya zamani, kiwekeni mbali, hata kikiwa kizuri namna gani, kwa kuwa seluloidi inayozeeka hutoa mvuke wa asidi unaokula ngozi na kutia kutu vifungo, tena hushika moto upesi.

MASWALI

Mwanachama A: Nimezifua kwa sabuni ya maji, zimekuwa ngumu. Nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 3. Hazirudi.

Mwanachama A: Lakini sabuni yenyewe ilikuwa ya watoto.

Jibu: Tatizo ni maji, ndugu, si umri wa mwenye sabuni.

Mwanachama B: Samahani mwalimu, nitaitambuaje seluloidi bila kukiharibu kisanduku?

Jibu: Swali zuri, dada. Sugua pembeni kwa kidole gumba mpaka pawe na joto, kisha unuse: mara nyingi utasikia harufu ya kafuri, kwa sababu kafuri ndiyo iliyotumika kuilainisha. Usijaribu kwa kiberiti, kama wengine wanavyoshauri.

Mwanachama B: Asante sana. Na muuzaji anaposema glavu ni ya vifungo 16, mbona yangu ina vitatu tu?

Jibu: Hicho ni kipimo cha urefu. Kifungo kimoja ni inchi moja ya Kifaransa, yaani karibu sentimita 2.7, ikihesabiwa kuanzia chini ya kidole gumba, kwa hiyo glavu ya 16 hupita kiwiko. Vile vitatu ni vya kufungia kifundoni tu.

Mwanachama C: Naongeza: ukikuta ndani ya kisanduku koleo la mbao lenye ncha nyembamba, hilo lilitumika kutanua vidole vya glavu mpya. Usilitumie kwenye ngozi kuukuu, mshono utaachia.